Aliyezaliwa Kabla ya Mbuzi

Katelembo,
13 Februari 2022

Kwa Dada Ndanu,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nakuandikia wewe kwa sababu ni chako. Najua kwamba wewe ni mama yangu.

Nimeiandika. Nimekaa kidogo nikaitazama hiyo sentensi. Hakuna kilichotokea. Kuku bado wanakula.

Nilijua siku ya ntheo yako, Disemba ile Henry alipokuja na watu wao kutoka Muthetheni kuleta mbuzi wa ndoa. Wewe ulikuwa sebuleni umefunikwa leso, wanawake wanakuimbia. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji nikisugua masufuria. Baba na Mjomba Muthoka wakatoka kuwaangalia mbuzi. Mjomba akauliza, "Na huyu Mwelu je? Mtu akichukua mwanamke mwenye mtoto, si hutoa mbuzi wa mtoto pia?" Baba akamwambia, "Nyamaza. Mwana aliyezaliwa kwangu kabla ya mbuzi ni wangu. Ndanu anaolewa peke yake." Mjomba akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Na wakijua?" Baba akasema, "Wajue nini? Hata kwa cheti ameandikwa ni wa Kamanthe."

Kamanthe ni Mwaitu. Yaani huyu ninayemwita mama ni susu, bibi yangu, na wewe ambaye nilikuwa nagombana naye juu ya blanketi ndiye uliyenizaa. Nikaendelea kusugua.

Lakini si hilo linaloniuma. Unakumbuka tulivyofanya mazoezi ya intavyuu ya ubalozi wa Amerika kule jikoni? Ulisema mimi niwe afisa kwa sababu ndiye niko na Kiingereza kizuri. Nikavaa miwani ya Baba. Nikakuuliza mlikutana wapi, Henry anafanya kazi gani, nani alisimamia harusi kwa msajili wa ndoa. Halafu nikauliza: una watoto? Ukasema huna. Ila ulisema kwa Kiingereza kibovu, nami nikakusahihisha. Ukarudia. Nikakwambia sauti isishuke mwishoni, wataona unaogopa. Ukarudia tena, ukiniangalia machoni, ukasema vizuri kabisa. Nikakupigia makofi.

Nilikuwa tayari najua, na nikapiga makofi. Nikikumbuka hayo makofi nataka kujificha ndani ya pipa la mahindi.

Kwa simu siwezi kusema. Mwaitu huweka spika ili majirani wasikie sauti ya mtu wa Amerika.

Usikasirike. Mimi sitaki kitu.

Mdogo wako (nimeshindwa kuandika lingine),
Mwelu


Minnesota,
30 Machi 2022

Mwelu mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi niko salama, shemeji yako pia. Huku baridi ni ya ajabu. Juzi nilianika suruali ya Henry nje kama nilivyozoea. Nilipoenda kuianua ilikuwa imesimama yenyewe kama mtu, nikaingia nayo ndani nimeikumbatia kiunoni. Henry alicheka mpaka akakaa chini.

Nimepata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Kuna bibi mmoja nikimwosha huniita kwa jina la binti yake. Siku za kwanza nilikuwa namsahihisha. Sasa naitika tu.

Barua yako nimeisoma. Habari za nyuma ya tangi sijazielewa. Watu wakionja pombe siku ya ntheo husema mengi, na masikio ya mtoto huongeza. Wewe jiandae kwa sekondari, KCPE umeshamaliza.

Tena nikwambie, hapa Henry ndiye hufungua sanduku la barua. Yako alinipa mkononi: "Shemeji mdogo bado anatumia kalamu! Huyu atakuwa mwandishi." Nilisimama nayo pale mlangoni kama mwizi.

Kama utaandika tena, tumia anwani ya kazini. Nimekuandikia hapo chini.

Dada yako,
Ndanu


Shuleni, Machakos,
22 Mei 2022

Kwa Dada Ndanu,

Nilisikia vibaya. Naomba msamaha.

Nimeingia Kidato cha Kwanza, bwenini. Godoro ulilolipia ni zuri. Barua zako zielekeze hapa shuleni, Bi. Ndeti wa ofisini hazifungui zikitoka nje, anachotaka ni stempu.

Asante kwa anwani ya kazini.

Mdogo wako,
Mwelu


Minnesota,
19 Novemba 2023

Mwelu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo bibi yule anayeniita binti yake ameaga. Watoto wake wa kweli walipofika, binti yake akaniuliza, "Alisema neno lolote?" Nikamwambia, "Alikuwa akikuita wewe." Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa naitika. Nimeingia chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa juu ya ndoo, nakuandikia.

Hukusikia vibaya.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Aliyenipa mimba alihamia Mombasa na sijui kama yu hai, na usimtafute. Mwaitu alikuwa akijifunga leso juu ya leso kiunoni akienda kanisani, ili ukizaliwa watu wakuhesabu wake. Watu walijua, lakini walimheshimu wakakubali kutojua. Nilikunyonyesha miezi michache nikapelekwa shule nyingine. Nilikuwa nakaa darasani maziwa yanalowesha sweta, nashikilia vitabu kifuani. Nikirudi likizo, ulikuwa umeshajifunza kumwita Mwaitu mama. Mimi ukaniita Ndanu. Sikukusahihisha.

Siku ya ubalozi nilipoulizwa kuhusu watoto, naapa, moyoni sikuona nadanganya. Nyumbani kwetu Baba alishasema wewe ni wake. Cheti kinasema hivyo, kanisa linasema hivyo, wewe mwenyewe ulikuwa unasema hivyo. Nilijibu vile tunavyojibu sisi. Nilipotoka nje ndipo niliposikia swali vizuri, maana yule afisa hakuwa ameniuliza wewe ni wa nani. Aliuliza kama nimezaa.

Sasa kadi yangu ya kwanza ya ukaazi ni ya miaka miwili tu na inaisha. Tumeomba ile ya kudumu. Wakituita tena, tutakaa meza moja mimi na Henry, waulize wanavyotaka, na Henry atasema ukweli wake wote kwa sababu hana kingine cha kusema. Henry hajui, Mwelu. Hakuna anayejua huku.

Na kuna lingine. Anataka mtoto sana, na hatupati. Tulienda kwa daktari. Daktari aliponipima alijua, wao huujua mwili uliozaa. Henry alikuwa amengoja nje. Nikamwomba daktari asiseme, akasema ni siri yangu, hana ruhusa ya kuitoa. Tukatoka, Henry akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamjibu hajaona kosa kwangu. Siku hizi anameza dawa za miti shamba ambazo dada yake humtumia kutoka Mlolongo, na hunificha, na mimi najifanya sizioni.

Ningemwambia kabla ya ntheo angeleta mbuzi wako bila neno. Namjua sasa. Wakati ule sikumjua.

Ukimaliza kusoma ichane.

Ndanu


Shuleni, Machakos,
28 Januari 2024

Kwa Dada Ndanu,

Sijaichana. Niliiosha. Niliitia kwenye beseni pamoja na soksi mpaka wino ukatoka wote, halafu nikasikitika, kwa sababu ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopata maishani.

Krismasi Henry alipiga simu. Mwaitu akaweka spika kama kawaida. Henry akasema, "Nipeni shemeji mdogo! Mwelu, hebu nifundishe kupika muthokoi. Dada yako ameunguza sufuria mbili, anasema mahindi ya huku ndiyo mabaya." Watu wote wakacheka. Nikamweleza aloweke mahindi usiku kucha na asiwe na haraka. Akasema, "Unaona? Mtoto ana akili kuliko dada yake. Nikuletee nini siku nikija?" Nikasema, asante shemeji, sitaki kitu. Sauti yangu haikushuka mwishoni.

Ni mtu mzuri. Ningependa awe mtu mbaya kidogo.

Sasa najua nilikunyonya. Nimekuwa nikiwaza juu ya hiyo sweta. Ilikuwa rangi gani?

Mwelu


Minnesota,
6 Oktoba 2024

Mwelu,

Ilikuwa ya kijani kibichi.

Kadi ya kudumu ilitoka bila kutuita. Nilipoifungua bahasha nililala sakafuni jikoni. Sasa, kwa kuwa nimeolewa na raia, sihitaji kungoja miaka mitano kama wengine, mitatu inatosha, na inakaribia. Tumepeleka maombi ya uraia. Nasoma maswali yao mia, mabunge yao na vita vyao, Henry ananiuliza tukiosha vyombo. Nikikosea ananirushia povu.

Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza mpaka niape. Nikishaapa hakuna wa kunifukuza, na raia anaweza kumwita mtu wake. Nitakuita. Umalize Kidato cha Nne uje usome huku. Usimwambie Baba, atajivuna sokoni kabla ya wakati.

Vumilia kidogo tu.

N.


Katelembo,
29 Disemba 2024

Kwa Ndanu,

Mwalimu wa kompyuta alituruhusu kutumia intaneti kabla ya kufunga shule. Wengine walitafuta mitindo ya nywele. Mimi nilitafuta hiyo habari yako ya kuita mtu.

Mtoto wa raia, akiwa hajafika miaka ishirini na moja na hajaolewa, huitwa bila foleni. Mwaka mmoja, pengine miwili. Dada wa raia anapanga foleni zaidi ya miaka kumi na tano.

Utaniita kama nani?

Nauliza tu. Mwaitu anakusalimu. Magoti yanamsumbua, haendi tena shambani, lakini bado anafika misa ya kwanza.

Mwelu


Minnesota,
21 Juni 2025

Mwelu,

Nimeapa. Tulikuwa wengi ukumbini, kutoka kila pembe ya dunia. Msichana mmoja mbele yangu alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amepewa bendera ndogo anaitafuna. Henry alipiga picha nyingi, nyingine amekata kichwa changu. Alilia kuliko mimi.

Swali lako sikulijibu kwa miezi. Si kwamba nilisahau.

Kwenye mahojiano, kabla ya kitu chochote, niliinua mkono wa kulia nikaapa kusema kweli. Halafu yule mama, mpole, anafanana na sista mkuu wa hospitali ya kwetu, akafika kwenye watoto. "Huna hata mmoja?" Aliuliza hivyo, Mwelu, kwa huruma, kama mtu anayetoa pole. Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema. Nikamjibu, bado hatujajaliwa.

Safari hii nilijua ninachosema. Siwezi kumsingizia Baba wala mila.

Nimemuuliza wakili, kwa kujifanya ni habari ya rafiki. Anasema rafiki huyo akimwita mtoto aliyemkana mara mbili, watauliza kwa nini, na uraia uliopatikana kwa uongo unaweza kuvuliwa kama koti. Basi nimeanza kukuombea kama dada. Najua ulichosoma. Ni kungoja tu, na miaka hupita, wewe usome hapo, mimi nitalipa kila kitu.

Henry anakuja Agosti kumwona mama yake Muthetheni. Mimi kazi haijaniachia. Atapita Katelembo kuwasalimu. Mpikie muthokoi. Usiseme kitu, nakusihi kwa yote niliyokunyima.

Ndanu


Katelembo,
16 Agosti 2025

Mama,

Henry yuko hapa. Nakuandikia kutoka chumba chako, na yeye yuko uani na Baba. Nikuambie yote kama yalivyokuwa kabla hajaondoka.

Amekuja asubuhi na gari la kukodi, na ndani ya buti kulikuwa na mbuzi. Mbuzi mzima, anapiga kelele. Mwaitu alifikiri ni zawadi, akaanza kushangilia. Henry hakucheka. Alivua kofia, akaomba kukaa na Baba ndani. Nilipeleka chai, na Baba hakuniambia niondoke, kwa hivyo nikabaki nimesimama na birika.

Henry akasema, "Mzee, nimekuja kuuliza kama kuna kitu nilibakisha."

Baba akasema, "Ulibakisha nini? Ntheo ulimaliza. Watu walikula wakashiba."

"Nimekaa na binti yako miaka hii yote na hatujapata mtoto. Madaktari wa kule hawakuona kosa kwa Ndanu. Basi ni mimi. Lakini mama yangu ameniambia, kabla hujajihukumu, rudi kwa wakwe ukaulize, wakati mwingine mtu huacha mbuzi mmoja nyuma bila kujua, na nyumba ikafungwa. Ndanu sijamwambia. Angenicheka, yeye ni Mmarekani sasa." Akajaribu kutabasamu. "Kama kuna mbuzi wa mtu niliyemsahau, nimemleta. Nitajieni tu jina la mtu mwenyewe."

Mama, ungekuwepo. Baba alitazama chai. Mwaitu aliyekuwa mlangoni akasema kwa Kikamba kwamba chai inapoa, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Mimi nilikuwa hapo katikati na birika, nikaiinamisha bila kujua mpaka chai ikamwagika sakafuni. Henry ndiye aliyeinuka akanipokea. "Pole, shemeji mdogo, ni nzito."

Hatimaye Baba akasema, "Hakuna. Rudi na mbuzi wako." Henry akakataa. Alisema mbuzi aliyeletwa hivyo harudi, abaki hapa hata bila jina. Amefungwa karibu na tangi.

Baadaye alinifuata jikoni kuonja muthokoi. Akala akiwa amesimama, anapuliza. Akasema, "Hii ndiyo. Ile yetu ya kule ni ugonjwa mtupu." Halafu akasema polepole, anaangalia sahani, "Mwelu, ukiolewa, olewa na mwanamume kamili. Mimi dada yako nimemwaibisha. Anafika kanisani kule wanawake wanamwuliza lini, lini. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Hata mara moja!"

Nikamwambia, "Usiseme hivyo, shemeji." Hayo tu. Nina alama ya A ya insha kwa lugha mbili, na hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Nimekuja huku chumbani. Nilidhani nitalia. Badala yake nimepatwa na aibu ambayo sijawahi kuiona. Ile ya makofi ilikuwa ya mtoto. Hii ni ya mtu mzima. Mimi nimekubali kuwa dada yako, nimekubali foleni, ningezeeka ndani yake bila neno, kwa sababu nilidhani siri hii inanila mimi peke yangu. Kumbe kuna mtu mwingine anayelala nayo, anayekunywa dawa za miti kwa ajili yake, na hajui hata kama ipo. Amevuka bahari kuja kuuliza, na watu watatu waliokuwa naye wakamjibu kwa chai. Mimi ni mmoja wao.

Najua wanaweza kukuvua uraia. Nimesoma kuhusu hilo pia. Najua Henry anaweza kukasirika asirudi kwako, na karo yangu ya mwisho ikakatika kabla ya mtihani. Najua Baba hataweza tena kukaa mbele kanisani. Nimeyapanga haya yote na kuyapangua tangu alipomaliza kula. Na sitaki Amerika, nataka ujue hivyo. Kama ni Amerika ungeniita kwa jina lolote nisingejali.

Sitaenda kumpigia mtu kelele uani. Siwezi, unanijua, mbele ya watu ulimi wangu huwa jiwe. Ninachoweza ni kuandika tu. Nilitaka usikie kwanza kutoka kwangu, lakini barua itachukua majuma matatu kukufikia, na yeye anaondoka sasa hivi.

Mwanao,
Mwelu

Wanaagana. Baba amesema safari njema. Gari halijawashwa. Nasikia viatu vinarudi huku kwenye veranda, si vya Baba, Baba huvaa akala za tairi na hatua zake husikika kama kofi dogo. Hivi ni viatu vya ngozi na vinakuja polepole. Amesimama. "Shemeji mdogo, uko humu? Nimekuja kukuaga."

Kitabu cha Jiografia kiko hapa karibu na kiwiko, kingefunika ukurasa wote. Nimekisukuma mpaka kimeanguka chini, nimeigeuza karatasi upande wa mlango, na nimemwambia, karibu, ingia, jina uliloulizia liko hapa mezani